Baraza la mbao: Bei ya leo isifiche gharama ya kesho

MTU anayepita katika maeneo mapya ya makazi pembezoni mwa miji ya Dar es Salaam, Arusha, Mwanza au Dodoma ataona kitu ambacho zamani kilionekana zaidi katika hoteli za kitalii. Ni baraza la mbao lililojengwa nje ya nyumba, likainuliwa kidogo kutoka ardhini, likawekwa viti na meza kwa ajili ya kupunga upepo jioni.

Kibaraza hicho sasa si cha matajiri peke yao. Mama lishe anakijenga mbele ya banda lake ili wateja wasikanyage tope wakati wa masika. Mwenye duka la vinywaji anakijenga ili apate nafasi ya meza nne zaidi. Mkulima mwenye nyumba ya wageni karibu na barabara kuu anakijenga ili wasafiri wasimame kwake badala ya kwa jirani.

Kwa mfugaji wa mbuzi wa maziwa jambo hili si geni hata kidogo. Sakafu ya banda la mbuzi lililoinuliwa, yenye nafasi za kupitisha kinyesi na mkojo, ni ndugu wa baraza hilo. Adui zake ni wale wale: maji, jua, mchwa na uzito.

Tatizo ni kwamba sakafu nyingi za namna hii hazifikishi mwaka wa nne. Mbao zinajikunja, misumari inachomoza, nguzo zinaoza kwenye usawa wa udongo, na siku moja ubao unakatika chini ya mguu wa mteja. Hapo mwenye mali humlaumu fundi, fundi humlaumu muuza mbao, na muuza mbao husema kwamba aliuza alichoombwa.

Ukweli ni kwamba hasara hiyo huanzia kwenye ununuzi, na chanzo chake ni namna biashara ya mbao nchini inavyoendeshwa. Mbao huuzwa kwa kipimo cha unene, upana na urefu. Mnunuzi huulizia "mbili kwa nne" au "moja kwa nane" ya futi 12, anatajiwa bei na mazungumzo yanaishia hapo. Ni nadra kuulizwa umri wa mti, ukavu wa mbao au namna dawa ilivyotiwa. Kumbe mambo hayo matatu ndiyo yanayoamua kama fedha yake itakaa miaka mitatu au 20.

Mbao iliyo nje ya nyumba haifanyi kazi sawa na mbao ya kenchi. Ya kenchi hufunikwa na bati, hukaa kavu, na ikiwa dhaifu kidogo bado inaweza kustahimili. Ya barazani hunyeshewa na kukauka, kisha hunyeshewa tena. Kuvu wanaoozesha mbao huanza kazi pale unyevu wake unapozidi takriban asilimia 20, na mbao inayolala juu ya udongo au inayokusanya maji kwenye maungio hupita kiwango hicho kila msimu wa mvua.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni aina ya mti. Mtiki, mvule na mninga vimejijengea sifa kwa sababu moyo wa miti hiyo una kinga yake ya asili dhidi ya kuoza na mchwa. Aidha, mninga na mtiki hupungua kidogo tu vinapokauka, ndiyo maana milango yake haikwami masika wala haiachi nyufa kiangazi.

Lakini jina pekee halitoshi. Kinga hiyo imo kwenye moyo wa mti, ile sehemu ya ndani yenye rangi iliyokolea. Sehemu nyeupe ya pembeni haina kinga hiyo, hata kwenye mninga. Wadudu huila na kuacha unga, huku mbao nyekundu iliyo kando yake ikibaki nzima. Mnunuzi anayelipa bei ya mninga akapewa ubao ambao nusu yake ni nyeupe, amenunua nusu ya mninga.

Vivyo hivyo kwa mtiki. Serikali ina mashamba ya mtiki ya siku nyingi kama Longuza wilayani Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro, na katika bonde la Kilombero kampuni binafsi imekuwa ikipanda tangu miaka ya 1990. Wakulima wadogo nao wamepanda. Hata hivyo, mtiki wa miaka minane unaopunguzwa shambani bado una moyo mdogo sana. Kuuita "mtiki" ni sahihi kwa jina, lakini kuutegemea barazani kama mtiki uliokomaa ni kujidanganya.

Upande wa pili ipo paini, ambayo ndiyo mbao ya watu wengi. Hutoka zaidi Nyanda za Juu Kusini, kwenye shamba la Serikali la Sao Hill wilayani Mufindi na kwenye mashamba ya wananchi wa Mufindi, Kilolo, Njombe na Makete. Paini ni nyepesi, hupigika msumari kwa urahisi na bei yake inafikika. Ila haina kinga ya asili ya maana. Ikiachwa nje bila dawa, inakuwa chakula cha mchwa na kuvu.

Mbao za mwembe nazo zimeenea katika masoko ya mijini. Zinafaa kwa kazi za muda mfupi, kama kushikilia zege wakati wa kumwaga, lakini hazifai kukaa mvuani. Mkaratusi ni mgumu zaidi, isipokuwa hupasuka na kujikunja sana ukikaushwa ovyo. Ndiyo maana kazi yake bora ni nguzo, kama zile za umeme, baada ya kukaushwa na kutiwa dawa ipasavyo.

Jambo la pili ni ukavu. Mbao iliyopasuliwa juzi na kupakiwa kwenye lori jana imejaa maji. Fundi akiipiga msumari ikiwa hivyo, itakaukia palepale barazani na kujipinda inavyotaka. Ubao wa paini wa inchi moja huhitaji wiki kadhaa hadi miezi miwili mitatu kukauka, ukiwa umepangwa chini ya kivuli na kutenganishwa kwa vijiti ili upepo upite. Mbao ngumu huhitaji muda mrefu zaidi.

Kuujua ukavu hakuhitaji mashine ya gharama. Kipande cha ubao kikipimwa kwenye mizani ya dukani leo, kikawekwa kivulini na kupimwa tena baada ya wiki moja, kitasema chenyewe. Kama kinaendelea kupungua uzito, mbao hiyo bado ni mbichi.

Jambo la tatu, na ndilo lenye udanganyifu mwingi, ni dawa. Wauzaji wengi huuza "mbao za dawa" zenye rangi ya kijani. Lakini rangi si dawa. Utiaji dawa wa kweli hufanyika ndani ya tanki lililofungwa. Mbao zikiwa zimekauka, hewa hufyonzwa nje, kisha dawa husukumwa kwa shinikizo hadi iingie ndani. Ubao uliochovywa tu kwenye pipa au kupakwa kwa brashi una kijani cha juujuu, na mvua chache zinatosha kufikisha unyevu ndani yake.

Njia ya kutofautisha ni rahisi. Ubao mmoja ukatwe katikati, si mwishoni, kwa sababu mwishoni dawa huingia hata ikipakwa. Katika paini iliyotiwa dawa vizuri, rangi huonekana imezama ndani. Ikiwa ni mstari mwembamba wa pembeni huku katikati kukiwa kweupe pe, mnunuzi anauziwa rangi. Muuzaji mwaminifu hatakataa kukatiwa ubao mmoja, na mnunuzi mwaminifu ataulipia.

Zipo pia dawa za chumvi za boroni, ambazo ni nzuri kwa mbao za ndani na za kenchi. Nje hazifai, kwa sababu mvua huziosha. Oili chafu ya gari, inayopendwa na wengi, huzuia maji kidogo juu ya ngozi ya ubao lakini haizami. Isitoshe, huchafua nguo za wateja na udongo wa bustani.

Hesabu ndiyo inayoonyesha uzito wa suala hili. Mfano mmoja unatosha, ukichukuliwa kama namba za kufanyia hesabu na si bei ya soko lolote. Baraza la mita nne kwa tatu likijengwa kwa paini isiyo na dawa, mbao ziwe Sh300,000, na fundi pamoja na misumari Sh150,000, jumla ni Sh450,000. Likidumu miaka mitatu, kila mwaka umegharimu Sh150,000.

Baraza lile lile likijengwa kwa paini iliyotiwa dawa kikweli, mbao ziwe Sh450,000 na ufundi Sh150,000, jumla ni Sh600,000. Likidumu miaka 12, kila mwaka umegharimu Sh50,000. Kwa moyo wa mninga, mbao ziwe Sh1,200,000 na ufundi Sh200,000, jumla ni Sh1,400,000. Likidumu miaka 20, kila mwaka umegharimu Sh70,000.

Mambo mawili yanajitokeza hapo. Kwanza, baraza la bei ya chini ndilo ghali kuliko yote. Katika miaka 12 litajengwa mara nne, yaani Sh1,800,000, achilia mbali siku ambazo biashara itafungwa kupisha ukarabati.

Pili, mbao ya kifahari si lazima iwe chaguo bora la mfanyabiashara mdogo. Tofauti ya Sh800,000 kati ya mninga na paini ya dawa ni mtaji. Ikiwekwa kwenye bidhaa zinazozunguka, italeta faida ambayo mninga uliolala chini ya viti hauwezi kuileta. Kwa mwenye nyumba anayetaka uzuri na utulivu wa miaka mingi, mninga uliovunwa kihalali ni uamuzi unaoeleweka. Kwa mwenye mgahawa mdogo, paini ya dawa inatosha.

Lakini hesabu hiyo ina shimo moja kubwa. Inasimama tu iwapo dawa ni ya kweli. Mnunuzi aliyelipa Sh600,000 kwa mbao zilizopakwa rangi, baraza lake likafa baada ya miaka mitatu, amelipa Sh200,000 kwa mwaka. Huyo amepata hasara kubwa kuliko hata yule aliyenunua mbao isiyo na dawa.

Hapo ndipo maslahi ya mnunuzi na ya mkulima wa miti yanapokutana. Mnunuzi akishadanganywa mara mbili, hakubali tena kulipa zaidi kwa ajili ya dawa wala ubora. Anarudi kwenye bei ya chini. Mwenye kiwanda anayetia dawa kwa uaminifu anashindwa kurudisha gharama zake, wakati mwenye pipa la rangi anaendelea kuuza. Soko lisiloweza kutofautisha kizuri na kibaya huwafukuza wanaotengeneza kizuri.

Athari hiyo hushuka hadi shambani. Mkulima wa Njombe au Makete aliyepanda paini anajua kwamba mti unatakiwa kufikisha umri wa miaka 18 au zaidi ili utoe mbao imara na pana. Lakini mnunuzi anayekuja na mashine ndogo ya kuhamahama, ile inayojulikana huko kama "dingdong", anakubali miti ya miaka minane au 10. Mjini, ubao wa mti mchanga na wa mti uliokomaa huuzwa kwa kipimo kile kile. Kwa nini basi mkulima asubiri?

Wapo watakaosema kwamba mkulima huvuna mapema kwa sababu ya shida, kwa kuwa ada ya shule na matibabu havisubiri miaka 18. Hoja hiyo ni ya kweli na haipaswi kudharauliwa. Lakini shida inaweza kupangiwa mpango. Shamba linaweza kupandwa kwa vipande, kila kipande mwaka wake, badala ya ekari zote kwa mkupuo. Aidha, miti ikipunguzwa kwa wakati, ile inayotolewa huuzwa kama fito na mirunda na kumpa mkulima fedha ya katikati, huku inayobaki ikipata nafasi ya kunenepa.

Elimu ya namna hiyo imetolewa. Mradi wa Panda Miti Kibiashara, uliofadhiliwa na Finland kuanzia mwaka 2014, uliwasaidia wakulima wa Nyanda za Juu Kusini kuunda vikundi na kupanda mbegu bora. Kinachokosekana ni soko linaloilipa kazi hiyo. Haraka haraka haina baraka, lakini subira nayo isiyolipwa huchosha.

Kwa upande wa mbao za asili, tahadhari ni nyingine. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka uvunaji uwe na leseni na usafirishaji uwe na hati. Mninga wa bei ya kushangaza unaoletwa usiku mara nyingi hauna vyote viwili, na ukikamatwa, anayepoteza ni yule aliyekutwa nao. Tangu mwaka 2023, miti yote ya jamii ya mninga barani Afrika, pamoja na mkongo na mkangazi, imo kwenye orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa wa CITES. Maana yake, mfanyabiashara anayewaza kuvusha mbao hizo mpakani hana budi kuwa na kibali cha ziada.

Taifa limewahi kuonja matokeo ya kulegeza mambo hayo. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 kuhusu biashara ya magogo kusini mwa Tanzania ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya mapato yaliyopaswa kukusanywa yalipotea. Kinyume chake, baadhi ya vijiji vya Wilaya ya Kilwa, kikiwamo Kikole, vilionyesha njia nyingine. Vilitenga misitu yao, vikaisimamia, vikapata cheti cha kimataifa cha FSC mwaka 2009, na fedha za miti zikabaki kijijini. Mninga ukinunuliwa kwa namna hiyo, mnunuzi anakuwa amejenga baraza lake na kumsaidia mwanakijiji.

Nini kifanyike? Mnunuzi ana silaha yake: stakabadhi. Muuzaji aandike aina ya mti, kama ni moyo au la, kama mbao zimekaushwa, na dawa gani imetiwa na kiwanda gani. Asiyekubali kuandika anachokisema kwa mdomo ameshajieleza. Vikundi vya wakulima wa miti navyo vinaweza kuwa na alama yao inayogongwa kwenye ubao ikionyesha shamba na umri wa mti. Alama hiyo ikiaminika, itakuwa na thamani kama jina la mchele wa Kyela au wa Mbeya lilivyo na thamani sokoni.

Wakala wa Huduma za Misitu na Shirika la Viwango wana wajibu wa kuhakikisha kwamba neno "dawa" kwenye mbao lina maana moja, mijini na vijijini. Ukaguzi usiishie kwenye ushuru na hati za barabarani. Ubao uliopakwa rangi na kuuzwa kama wa dawa hauna tofauti na mbegu ya mahindi iliyopakwa rangi na kuuzwa kama mbegu bora.

Fundi naye ana sehemu yake, kwani mbao bora huuawa na ujenzi mbovu. Nguzo zisimame juu ya vikalio vya zege, si kufukiwa kwenye udongo. Mihimili isiachane zaidi ya sentimita 40 hivi kwa ubao wa inchi moja. Kati ya ubao na ubao iachwe nafasi ya milimita tano au zaidi ili maji yapite, na chini ya sakafu pawe na upepo. Watu 10 wa kilo 60 ni kilo 600, uzito usiostahili kubebwa kwa kubahatisha. Misumari na skrubu ziwe za kuzuia kutu, hasa ukanda wa pwani. Ubao wa dawa unapokatwa, mwisho wake upakwe dawa upya.

Tahadhari moja ya afya isisahauliwe. Dawa ya kijani inayotumika sana kwa nguzo ina shaba, kromiamu na aseniki. Marekani iliiondoa kwenye mbao za makazi kuanzia mwisho wa mwaka 2003. Vipande vyake visichomwe jikoni, visitengenezewe meza ya chakula wala kihori cha mifugo, na anayevikata afunike pua na mdomo. Mahali ambapo watoto hucheza kila siku, ni vema dawa ikabaki kwenye nguzo na mihimili ya chini, na mbao za kukanyagia zikawa za moyo wa mti mgumu.

Baraza la mbao linaweza kuonekana jambo dogo. Lakini fedha ya mama lishe iliyooza mvuani, mti wa mkulima uliokatwa ukiwa mchanga, na kiwanda cha mwaminifu kilichoshindwa na pipa la rangi, vyote vimetoka kwenye soko moja. Soko hilo litabadilika siku ambayo mnunuzi, kabla ya kuuliza bei, atauliza mbao hiyo ni ya mti gani, ina umri gani na imekauka kiasi gani, kisha aombe msumeno akate ubao mmoja ajionee mwenyewe.